Waliowafunga Vigogo, Wakashuka Daraja

 

Wapenzi wa kandanda wana msemo wao ambao hawachoki kuurudia, kwamba msimamo wa ligi haudanganyi. Ukimaliza wa kwanza, wewe ni bora. Ukimaliza wa mwisho, ulistahili. Hakuna cha mwamuzi, hakuna cha bahati, hakuna cha uchawi, kwa sababu mechi ni nyingi na kila mtu hukutana na kila mtu, nyumbani na ugenini. Juma hili nataka kuuchungulia msemo huo kwa ndani. Mimi nakubali kwamba msimamo haudanganyi. Lakini kutodanganya ni jambo moja, na kusema yote ni jambo jingine. Shahidi anaweza kusimama mahakamani, akasema kweli tupu, na bado akaacha nusu ya habari nyumbani.

Mfano wangu unatoka Ujerumani, katika ligi kuu iitwayo Bundesliga, msimu wa 1991 hadi 1992. Huo haukuwa msimu kama mingine. Kwa kawaida Bundesliga ina timu 18 na kila timu hucheza mechi 34. Msimu ule timu zilikuwa 20 na mechi zikawa 38. Sababu ni kwamba nchi mbili zilikuwa zimekuwa nchi moja. Ukuta wa Berlin ulifunguliwa usiku wa tarehe 9 Novemba 1989, na tarehe 3 Oktoba 1990 Ujerumani Mashariki ikaacha kuwa dola na kuingia ndani ya Ujerumani ya Shirikisho. Nchi ikishaungana, reli huungana, posta huungana, sarafu huungana. Na mpira nao hauna budi kuungana. Swali ni moja tu, nalo linaulizwa katika kila muungano duniani: wangapi waingie, kwa mlango upi, na wakishaingia wakalie viti gani?

Kwanza tutazame huko Mashariki kulikuwa na nini. Kulikuwa na ligi kuu yenye timu 14, ikiitwa Oberliga. Haikuwa ligi ya kudharauliwa. Timu ya Magdeburg ilichukua Kombe la Washindi la Ulaya mwaka 1974, na mwaka huo huo, katika fainali za Kombe la Dunia, timu ya taifa ya Mashariki iliwafunga ndugu zao wa Magharibi 1-0 mjini Hamburg. Lakini mpira ule uliendeshwa kwa amri kutoka juu. Timu ya BFC Dynamo ya Berlin, ambayo mlezi wake alikuwa Erich Mielke, waziri wa usalama wa taifa aliyeogopwa na kila mtu, ilitwaa ubingwa mara 10 mfululizo, tangu 1979 hadi 1988. Msikilizaji, mara 10 mfululizo! Huko nako msimamo wa ligi haukudanganya, lakini nani hakujua kwamba kulikuwa na mkono nyuma ya pazia?

Na huko kaskazini, katika mji wa bandari wa Rostock kwenye Bahari ya Baltiki, wakubwa wa chama waliona mwaka 1954 kwamba haifai mji wa mabaharia na wajenzi wa meli kukosa timu ya maana. Basi waliichukua timu nzima kutoka Lauter, mji mdogo wa Saxony huko kusini, wakaihamishia Rostock kama mtu ahamishavyo kabati. Kutoka katika mbegu hiyo ndipo ilipoota klabu ambayo tangu 1965 inaitwa Hansa Rostock. Kwa miaka mingi Hansa ilikuwa timu ya kumaliza ya pili na kulia katika fainali. Haikuwahi kuwa bingwa.

Ukuta ulipofunguka, kilichopita kwa kasi zaidi mpakani hakikuwa magari wala mizigo, kilikuwa wachezaji. Tarehe 15 Novemba 1989, siku sita tu baada ya mpaka kufunguliwa, timu ya taifa ya Mashariki ilikuwa Vienna kucheza na Austria, mechi ambayo Toni Polster alipachika mabao yote matatu ya wenyeji. Reiner Calmund, meneja wa Bayer Leverkusen, amesimulia mwenyewe jinsi alivyompeleka mtu wake uwanjani siku ile akiwa amevaa kitambulisho cha mpiga picha, akakaa jirani na benchi la wachezaji na kuanza kuokota anwani. Mwishoni mwa mwaka huo huo Andreas Thom wa BFC Dynamo akawa mchezaji wa kwanza wa Mashariki kuuzwa kihalali Magharibi, akaenda Leverkusen. Mwaka 1990 Ulf Kirsten wa Dynamo Dresden akamfuata huko huko. Matthias Sammer, naye wa Dresden, akaenda Stuttgart. Thomas Doll akaenda Hamburg. Mechi ya mwisho kabisa ya timu ya taifa ya Mashariki ilichezwa Brussels tarehe 12 Septemba 1990, wakawafunga Wabelgiji 2-0, na mabao yote mawili yalikuwa ya Sammer. Alikuwa tayari ni mali ya watu wengine.

Siwalaumu vijana hao. Mtu aliyefungiwa ndani maisha yake yote, mlango ukifunguka, atatoka. Wala siwalaumu sana wanunuzi, maana biashara ni biashara. Nasema tu kwamba ilipofika siku ya kuketi mezani na kugawana nafasi, jikoni kwa mmoja wa wageni kulikuwa kumekwisha kuchukuliwa nyama.

Mgawanyo wenyewe ulikuwa hivi. Msimu wa 1990 hadi 1991 Oberliga ilichezwa kwa mara ya mwisho kama mtihani wa kuhitimu. Katika timu 14, mbili za juu zingeingia Bundesliga, sita zingeingia daraja la pili, na zilizobaki zingeshuka mpaka kwenye soka la ridhaa. BFC Dynamo, ile ya mataji 10, wakati huo ikijiita FC Berlin, ilishindwa hata kupata moja ya zile nafasi sita. Pazia lilikuwa limeanguka na mkono haukuwepo tena. Na nani aliibuka kidedea? Hansa Rostock! Chini ya kocha Uwe Reinders, mtu wa Magharibi aliyewahi kuwamo katika kikosi cha Ujerumani Magharibi cha Kombe la Dunia la 1982, Hansa walitwaa ubingwa wao wa kwanza wa Oberliga, ambao ndio ulikuwa wa mwisho kwa ligi yenyewe, na Kombe la nchi pia wakabeba. Wa pili walikuwa Dynamo Dresden. Hao wawili ndio wakaingia kwa wakubwa.

Sasa sikilizeni walivyoingia. Agosti 1991, mechi ya kwanza, Hansa wakiwa nyumbani waliwacharaza Nürnberg mabao 4-0. Wakasafiri hadi Munich, wakaifunga Bayern 2-1 pale pale nyumbani kwake. Wakarudi Rostock, wakaisambaratisha Borussia Dortmund 5-1. Mgeni aliyedhaniwa angeketi kwenye mkeka pembeni ya mlango alikuwa amekaa kichwani mwa meza! Watu wa Magharibi ambao juzi tu hawakuweza kuionyesha Rostock kwenye ramani walianza kuitafuta kileleni mwa msimamo. Na si ndani ya Ujerumani tu. Katika Kombe la Mabingwa wa Ulaya walikutana na Barcelona. Kule Hispania walifungwa 3-0, lakini ziliporudiana Rostock, Hansa walishinda 1-0. Barcelona hao ndio waliokwenda kulichukua kombe lenyewe mwaka 1992 pale Wembley.

Wahenga walisema ngoma ikilia sana hupasuka. Baridi ilipoingia, ngoma ya Rostock ikaanza kulegea. Timu za Magharibi zilikuwa na vikosi vipana, na mmoja akiumia mwingine wa kiwango kile kile yuko benchi. Hansa walikuwa na kikosi chembamba, na ligi yenyewe ilikuwa ndefu kuliko kawaida. Katika ligi yao ya zamani walizoea mechi 26 kwa msimu, na sasa zilikuwa 38. Wakaanza kupoteza pointi kwa timu za kawaida, zile ambazo hakuna anayezipigia mbiu. Machi 1992 Reinders akafukuzwa kazi, na nafasi yake ikachukuliwa na Erich Rutemöller. Kutoka kileleni, Hansa walikuwa wameteremka mpaka ukingoni mwa shimo. Na shimo la msimu ule lilikuwa pana, kwa sababu ili ligi irudi kwenye timu 18, ilibidi timu nne zishuke.

Huku chini wakihangaika, kule juu kulikuwa na farasi watatu: Eintracht Frankfurt, VfB Stuttgart na Borussia Dortmund. Frankfurt ndio waliokuwa wakicheza mpira wa kupendeza kuliko wote. Walikuwa na Andreas Möller, Uwe Bein, na mlinda mlango Uli Stein. Na sisi Waafrika tulikuwa na mtu wetu pale, Anthony Yeboah wa Ghana, mshambuliaji mwenye nguvu ambaye katika misimu miwili iliyofuata aliongoza kwa ufungaji wa mabao Ujerumani, akilingana na mwingine kila mara. Nataka mkumbuke pia kwamba Yeboah, pamoja na Mghana mwenzake Anthony Baffoe na Souleymane Sané wa Senegal, aliyekuwa akiichezea Wattenscheid, waliandika barua ya wazi gazetini mwaka 1990 kulalamikia matusi ya kibaguzi waliyokuwa wakitupiwa viwanjani. Jina la Wattenscheid lishikeni, tutalihitaji baadaye kidogo.

Ilipofika tarehe 16 Mei 1992, siku ya mwisho, farasi wote watatu walikuwa na pointi 50 kila mmoja. Wakati ule ushindi ulikuwa na pointi mbili, si tatu kama ilivyo sasa. Frankfurt walikuwa na tofauti nzuri zaidi ya mabao, kwa hiyo wakishinda tu, ubingwa ni wao. Hawakuwa wameuonja tangu 1959, kabla Bundesliga yenyewe haijazaliwa. Na mechi yao ya mwisho ilikuwa wapi? Rostock. Nyumbani kwa Hansa, timu iliyokuwa ikipigania roho yake na ambayo hata ikishinda ilihitaji wengine wateleze. Stuttgart walikuwa Leverkusen. Dortmund walikuwa Duisburg.

Hapa mniruhusu niseme kidogo kama mtu wa redio. Mwaka 1992 mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na majina haya yalikuwa mbali sana na mimi. Niliijua siku ile baadaye, wakati nasomea stashahada ya uandishi wa habari, tulipofundishwa namna ya kutangaza mechi kadhaa kwa wakati mmoja. Wajerumani wana desturi hiyo tangu zamani. Siku ya mwisho mechi zote huanza saa ile ile, na redio huweka mtangazaji katika kila uwanja. Anayeongea Rostock hukatizwa na sauti ya Leverkusen, goli! Wa Leverkusen naye hukatizwa na wa Duisburg. Msikilizaji aliye kwenye gari au jikoni anakuwa katika viwanja vitatu kwa mara moja. Kwa miaka yote niliyokaa nyuma ya kipaza sauti sijapata mfano bora zaidi wa kazi ambayo redio inaifanya vizuri kuliko chombo kingine chochote.

Basi tuifuate siku ile kwa mtindo huo.

Duisburg: mapema kabisa, Stéphane Chapuisat, Mswisi, anaifungia Dortmund. Moja bila. Leverkusen: wenyeji wanatangulia kwa penalti, kisha kabla ya mapumziko Fritz Walter wa Stuttgart, aliyekuwa mfungaji bora wa msimu ule kwa mabao 22, anasawazisha, naye kwa penalti. Rostock: mpaka mapumziko hakuna bao. Kwa hesabu hiyo Dortmund ndio bingwa.

Kipindi cha pili, Rostock. Jens Dowe anaifungia Hansa. Dakika chache tu zinapita, Frankfurt wanasawazisha. Na nani kafunga? Axel Kruse. Huyu Kruse, wasikilizaji, alikuwa kijana wa Hansa Rostock mpaka mwaka 1989. Miezi michache kabla Ukuta haujafunguliwa, timu ikiwa safarini Copenhagen, alitoroka na kukimbilia Magharibi. Sasa karudi katika uwanja uliomlea, na bao lake ndilo linaloizamisha timu iliyomlea. Mtunzi wa tamthilia angeandika hivyo, tungemwambia anatia chumvi.

Sasa ni moja kwa moja. Frankfurt wanahitaji bao moja tu wawe mabingwa. Robo saa ya mwisho, Ralf Weber wa Frankfurt anapenya ndani ya eneo la hatari, amebaki na kipa, na Stefan Böger wa Hansa anamwangusha kwa nyuma. Uwanja mzima umeona. Mwamuzi Alfons Berg hapigi kipenga. Penalti hakuna. Weber alipandwa na ghadhabu ambayo picha zake zinaonyeshwa Ujerumani mpaka leo.

Leverkusen: Matthias Sammer wa Stuttgart anatolewa kwa kadi nyekundu, mechi ikiwa bado 1-1. Stuttgart wamebaki 10 na bado Dortmund ni bingwa. Dakika ya 86, krosi inapigwa, na Guido Buchwald, kiungo mkabaji mrefu, si mtu wa mabao, anapanda na kuutia wavuni kwa kichwa. Stuttgart 2, Leverkusen 1. Kombe linahama kutoka Dortmund kwenda Stuttgart.

Rostock, dakika za lala salama. Frankfurt wote wamekwenda mbele. Hansa wanatoka na mpira kwa shambulizi la ghafla, na anayemaliza kazi ni yule yule Böger, aliyepaswa kuwa amesababisha penalti. Hansa 2, Frankfurt 1. Kipenga cha mwisho.

Stuttgart walimaliza na pointi 52, Dortmund 52, na Stuttgart wakapewa ubingwa kwa tofauti ya mabao. Frankfurt walibaki na 50 zao. Kocha wao, Dragoslav Stepanović, Mserbia aliyekuwa akizungumza Kijerumani cha Frankfurt kwa lafudhi yake mwenyewe, alisema maneno ambayo Wajerumani wameyageuza methali: maisha yanaendelea. Sisi tungesema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Na Hansa? Hansa waliomfunga aliyekuwa anautaka ubingwa walikuwa na pointi 31. Wattenscheid, timu ya Sané, ile niliyowaomba mlishike jina lake, walikuwa na pointi 32. Hansa wakashuka daraja. Kwa pointi moja! Katika uwanja ule wa Rostock jioni ile, wasikilizaji, hakukuwa na upande wa kushangilia. Aliyeshinda alilia, na aliyeshindwa alilia. Siku nne baadaye, Barcelona waliofungwa katika uwanja ule ule walilinyanyua Kombe la Ulaya.

Sasa turudi kwenye msemo wetu. Msimamo wa ligi unasema Hansa Rostock, nafasi ya 18 kati ya 20. Ni kweli tupu. Pointi hazikuibwa. Walizipoteza wenyewe katika majira ya baridi, tena kwa timu ambazo wangeweza kuzifunga. Anayewafunga wafalme na kufungwa na watumishi hawezi kulalamika. Na wenzao Dresden, waliotoka ligi ile ile na waliouza wachezaji wakubwa zaidi kuliko wao, walibaki. Yote hayo nayakubali.

Lakini tazameni ambacho msimamo haukusema. Dortmund walikosa ubingwa kwa tofauti ya mabao. Kama Agosti wangepata sare tu kule Rostock badala ya kupigwa 5-1, wangekuwa mabingwa. Frankfurt walikosa ubingwa kwa kufungwa Rostock mwezi Mei. Kwa hiyo timu iliyomaliza ya 18 ndiyo iliyoamua nani asiwe bingwa, mwanzoni mwa msimu na mwishoni mwake. Stuttgart wana deni la shukrani kwa mji ambao siku ile ile ulikuwa unatolewa nje ya ligi.

Halafu tazameni watu. Pale Leverkusen, siku ile ya kuamua ubingwa, Sammer wa Dresden alikuwa upande wa Stuttgart, na klabu iliyokuwa mbele yake ndiyo iliyowanunua Thom wa Berlin na Kirsten wa Dresden. Pale Rostock, bao la Frankfurt lilifungwa na kijana wa Rostock. Mashariki haikukosekana katika siku ile kubwa. Ilikuwepo kila mahali, lakini katika jezi za watu wengine. Mguu wa Mashariki ulikaribishwa na kupewa kiatu kizuri. Nyumba ulikotoka mguu huo ndiyo iliyoachwa ivuje.

Hapo ndipo ninapotaka tufike leo. Muungano wa mpira wa Ujerumani ulikuwa wa haki ndani ya dakika 90. Mpira ni ule ule, goli ni lile lile, 11 kwa 11. Usawa ulikosekana kabla ya mechi, siku ya kufungua daftari la hesabu. Mmoja alikuja na wafadhili, matangazo ya televisheni, akiba ya benki na miaka karibu 30 ya uzoefu wa ligi ya kulipwa. Mwingine alikuja na dola iliyomfadhili ikiwa imekufa, viwanda vilivyomlea vikifungwa, na wachezaji bora wa nchi yake wakiwa wamekwisha kuvuka. Kisha wote wawili wakaambiwa, haya, kimbieni, mshindi atajulikana mwisho. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa.

Wala hili halikuwa la mpira peke yake. Rostock ulikuwa mji wa viwanda vya meli, na kazi katika viwanda hivyo zilikuwa zinayeyuka. Agosti 1992, miezi mitatu baada ya siku ile uwanjani, katika kitongoji cha Lichtenhagen mjini humo, umati ulishambulia kwa siku kadhaa jengo walimokuwa wakikaa watu walioomba hifadhi, pamoja na Wavietnam walioletwa kufanya kazi enzi za Ujerumani Mashariki. Jengo lilitiwa moto watu zaidi ya 100 wakiwa ndani, wakajiokoa kwa kupitia juu ya paa, na chini kulikuwa na watu wazima waliokuwa wakipiga makofi. Nieleweke vizuri. Sisemi kwamba kushuka daraja kulileta moto ule, na hakuna umaskini wala ukosefu wa kazi unaompa mtu ruhusa ya kumchoma jirani yake. Nasema kwamba watu wanaojiona wamewekwa kando katika nyumba mpya hutafuta aliye dhaifu zaidi yao wamtolee hasira. Ile barua ya Yeboah na wenzake ya mwaka 1990 ilikuwa imebeba onyo, kwa aliyetaka kusoma.

Je, miaka iliyofuata ilirekebisha mambo? Pole pole sana. Dresden walishuka mwaka 1995, tena wakanyimwa leseni kwa madeni. Hansa walirudi mwaka huo huo, na safari hiyo wakakaa miaka 10, jambo la kujivunia. Energie Cottbus walipanda na kushuka. Lakini tangu 2009 hadi 2016, kwa misimu saba, hapakuwa na klabu hata moja ya iliyokuwa Ujerumani Mashariki katika Bundesliga. Ukimya huo ulivunjwa mwaka 2016 na RB Leipzig, timu iliyoanzishwa mwaka 2009 kwa fedha za kampuni ya vinywaji ya Austria. Ni mwaka 2019 tu ambapo klabu yenye mizizi ya zamani, Union ya Berlin mashariki, ilipanda na kushika nafasi yake. Miaka 30 kasoro miezi tangu Ukuta ufunguke!

Wapo watakaoniambia: ndugu mtangazaji, michezo si sadaka, ulitaka timu dhaifu zipewe pointi za huruma? Hapana. Pointi zitafutwe kwa jasho. Ninachosema ni kwamba wanaoandika kanuni za kuungana, iwe ni za ligi, za chama, au za nchi, wasiridhike na kufungua mlango. Wahesabu pia ngazi za kuufikia huo mlango, na waulize kila mmoja anaanza kupanda kutoka ngazi ya ngapi. Sisi wenyewe tunaishi ndani ya muungano, na tunajua kwamba maneno ya mgawo hayaishi kwa siku moja. Ni afadhali yazungumzwe mezani mapema kuliko kuja kusomwa katika msimamo wa ligi mwisho wa msimu, wakati hakuna mechi tena iliyobaki.

Kwa hiyo mtakapokutana tena na msimamo wowote, wa ligi, wa shule katika matokeo ya mitihani, au wa mikoa katika takwimu za maendeleo, msiukatae. Unasema kweli. Lakini muulizeni huyo shahidi swali moja zaidi: kabla ya mechi ya kwanza, nani alikuwa na nini?